Maji ya Kuzungukwa

Mama mdogo alisimama kando ya bwawa la Rutland, huku England, kwa dakika kadhaa bila kusema neno, mikono yake ikiwa imezama katika mifuko ya koti nililomwazima, kisha akaniuliza swali ambalo sijalimaliza mpaka leo: "Mwanangu, hawa watu wanayazunguka haya maji wanatafuta nini?"

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Mei. Mbele yetu walikuwa wakipita waendesha baiskeli waliovaa kofia ngumu, wazazi wakisukuma vigari vya watoto, wazee wawili wenye fimbo za kutembelea kama zile za wapanda Kilimanjaro, na mbwa wengi kuliko watoto. Hakuna aliyekuwa akiteka maji, hakuna aliyekuwa akifua, hakuna aliyekuwa akianika dagaa wala kuvuta wavu. Wote walikuwa wakitembea kuelekea upande mmoja, taratibu, wakiyatazama maji kwa jicho la pembeni, kisha wanatokomea nyuma ya miti. Kwa mtu aliyeuza samaki katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kwa zaidi ya miaka ishirini, mandhari hiyo haikuwa na maana iliyo wazi. Kwetu ziwa ni shamba, ni barabara na ni soko. Mtu huenda ziwani kwa sababu ana shughuli ziwani, na akimaliza shughuli hurudi nyumbani.

Nilimjibu kwamba wanapumzika. Aliguna tu. Nami nilijua kwamba jibu langu lilikuwa pungufu, kwa sababu katika miaka tisa niliyoishi Leicester nimetumia sehemu kubwa ya siku zangu za mapumziko kuyazunguka maji ya Waingereza, na bado sijaweza kuwaeleza watu wa nyumbani ninachokifanya huko. Wanaona picha za mimi niliyelowa, nimeshika kikombe cha chai, nyuma yangu maji ya rangi ya bati, na wanauliza kama kuna msiba.

Basi nianze na bwawa lenyewe. Rutland ni kaunti ndogo iliyo mashariki ya Leicester, na treni ya kwenda Oakham, mji wake mkuu, huchukua takribani nusu saa. Bwawa lilijengwa katika miaka ya 1970 kwa kuziba bonde la kijito kiitwacho Gwash, lakini kijito hicho peke yake kisingeweza kulijaza hata kwa miaka mingi, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji husukumwa kwa pampu kutoka mito miwili ya jirani, Welland na Nene. Kwa upana wa uso wa maji ndilo bwawa kubwa kuliko yote katika England, likiwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 12.6. Nilipomtajia mama mdogo takwimu hiyo, na kumweleza kwamba Ziwa Victoria lingeweza kumeza mabwawa kama hilo zaidi ya elfu tano, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tushuke kwenye treni. "Kumbe hili ni lambo," akasema, na tangu hapo hakuliita kwa jina jingine.

Lambo hilo lina njia ya kulizunguka ya kilomita 27, au 37 ikiwa utaongeza rasi ya Hambleton inayochomoza katikati ya maji. Rasi hiyo zamani ilikuwa kilima cha kawaida chenye kijiji juu na kijiji chini. Cha juu, Upper Hambleton, kipo bado, na leo watu wake wameamka wakakuta wana ufuko pande tatu. Cha chini, Nether Hambleton, kilibomolewa na kufunikwa. Upande wa kusini limesimama kanisa la Normanton, ambalo lilikusudiwa kubomolewa pia hadi wakazi walipopiga kelele. Likaokolewa kwa njia ya ajabu kidogo: sakafu ilipandishwa hadi karibu na madirisha, nusu ya chini ikajazwa kifusi, na ukajengwa mwinuko wa mawe wa kulikinga na mawimbi. Ukilitazama kwa mbali unaona kanisa lililozama kiunoni, limetulia kama mtu anayesubiri kubatizwa. Siku hizi watu hufungia ndoa humo. Tulipofika pale palikuwa na bibi harusi aliyekuwa akipambana na upepo uliotaka kuondoka na shela yake, na mama mdogo, ambaye haachi harusi impite, alipiga vigelegele kwa sauti iliyowafanya wapiga picha wote wageuke. Bibi harusi alicheka na kumpungia mkono. Nadhani huo ndio wakati mama mdogo alipoanza kulipenda lile lambo.

Kuna mambo mawili zaidi ya Rutland ambayo sichoki kuyasimulia. La kwanza ni la ndege aitwaye osprey, mla samaki ambaye kwa tabia anafanana na furukombe wetu: hukaa juu ya mti mkavu, akatazama, kisha akajitupa majini miguu mbele. Ndege hao walikwisha kutoweka kabisa katika England kwa kuwindwa na kuibiwa mayai, hadi mwaka 1996 makinda yalipoanza kuletwa Rutland kutoka Scotland, na mwaka 2001 jozi ya kwanza ikafanikiwa kulea kinda. Kila mwaka majira ya baridi yanapokaribia huruka hadi Afrika Magharibi, Senegal na Gambia, na majira ya kuchipua hurudi. Hawaombwi viza. La pili ni la mwaka 2021, wakati maji ya ziwa dogo la pembeni katika hifadhi ya ndege yalipopunguzwa kwa ajili ya matengenezo na mfanyakazi akaona kitu kama mabomba yakichomoza kwenye tope. Yalikuwa mifupa ya uti wa mgongo wa iktiosaria, mnyama wa baharini mwenye urefu wa takribani mita 10, aliyekufa miaka ipatayo milioni 180 iliyopita wakati eneo lote hilo lilikuwa bahari. Kwa hiyo mahali hapo palikuwa maji, pakawa nchi kavu, pakawa mashamba na kijiji, na sasa ni maji tena.

Sasa nije kwenye uvuvi, maana ndipo mama mdogo alipopata mshtuko halisi. Karibu na mwisho wa matembezi yetu tulimkuta mzee mmoja amesimama ndani ya maji hadi mapajani, amevaa suruali ya mpira iliyopanda hadi kifuani, akirusha mshipi mrefu hewani mara kadhaa kabla ya kuulaza juu ya maji. Kwenye ndoano hakukuwa na chambo cha kweli, bali nzi bandia wa manyoya na uzi. Tulisubiri. Baada ya robo saa hivi ufito ukapinda, mzee akavuta kwa subira kubwa, na akamtoa trauti mnene wa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Mama mdogo alikwisha kumpigia bei kichwani. Mzee akamchomoa ndoano kwa koleo ndogo, akamshika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akampiga picha moja, akamwinamisha majini, akamwachia.

"Amemwachia!" mama mdogo alipaza sauti. "Muulize, samaki ana ugonjwa?"

Nilimuuliza mzee kwa adabu, na yeye akaeleza kwa adabu kubwa zaidi kwamba samaki ni mzima, kwamba kuna siku huchukua mmoja au wawili wa kula na siku nyingine huwarudisha wote, na kwamba ana vibali vyake vyote. Akatoa simu kutoka kwenye mfuko usioingia maji ili atuonyeshe leseni, ingawa hakuna aliyemwomba. Nadhani alidhani sisi ni wakaguzi. Nilimtafsiria mama mdogo: katika England kila mvuvi wa ndoano wa maji baridi aliyefikisha umri wa miaka 13 lazima awe na leseni ya serikali, na juu ya hiyo lazima apate ruhusa ya mwenye maji. Alilikamata neno la mwisho. "Maji yana mwenyewe?"

Yana mwenyewe. Hapo ndipo penye tofauti ninayotaka kuieleza. Mtu akitoka Mwanza na kufika kwenye bwawa la Waingereza anaona kwanza ukimya na majani mabichi, na hudhani yupo porini. Akisogea hatua chache anaanza kuona vibao. Usiogelee. Usipande kwenye ukuta wa bwawa. Mbwa wafungwe kamba. Uvuvi kwa wenye kibali. Mashua kwa wanachama. Lipa maegesho hapa. Bwawa ni tangi la maji ya kunywa lililopambwa kwa miti, na watu wanaolizunguka siku ya Jumamosi ni wageni waliokaribishwa uani kwa mwenye nyumba. Ukarimu ni wa kweli, lakini ni ukarimu wa uani.

Jambo hili lilinielea vizuri zaidi nilipogundua maji ninayokunywa yanatoka wapi. Maji ya Rutland huelekea Peterborough na Northampton, hayaji kwetu Leicester. Sisi sehemu ya maji yetu, kwa zaidi ya miaka mia moja, imetoka kwenye bonde la mto Derwent katika milima ya Peak District, kaskazini ya Derby. Mwaka 1899 iliundwa bodi ya maji ya bonde hilo kwa ajili ya miji minne iliyokuwa ikikua kwa kasi na kiu: Derby, Leicester, Nottingham na Sheffield. Yalijengwa kwanza mabwawa mawili yenye kuta za mawe, Howden na Derwent, ambayo yalikamilika mwaka 1912 na 1916. Kwa ajili ya vibarua na familia zao kilijengwa kijiji cha mabati kiitwacho Birchinlee, chenye shule, hospitali na duka, ambacho kilifumuliwa kazi ilipokwisha. Kisha likaja la tatu, Ladybower, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1935, likakamilika 1943, likahitaji miaka miwili kujaa, na Mfalme George wa Sita akalizindua tarehe 25 Septemba 1945.

Wiki moja baada ya Rutland nilimpeleka mama mdogo huko. Treni ya Leicester hadi Sheffield, kisha treni ndogo ya bonde la Hope hadi kituo cha Bamford, kisha kwa miguu chini ya saa moja hadi kwenye tuta. Njiani tulipita kwenye kanisa la Bamford, na nikamweleza kwamba Ladybower lilipojengwa vijiji viwili, Ashopton na Derwent, vilihamishwa na kubomolewa, na marehemu waliozikwa kwenye uwanja wa kanisa la Derwent walifukuliwa wakaletwa hapa Bamford kuzikwa upya. Mama mdogo alisimama. Kwetu kuhamisha kaburi si jambo la kusimuliwa huku mtu anatafuna biskuti. Alifunga vizuri mtandio wake, akageukia makaburi, akasema, "Poleni," kisha tukaendelea na safari.

Pale kwenye tuta la Ladybower kuna jambo ambalo picha hazilitendei haki. Karibu na kingo zote mbili za bwawa kuna mashimo mawili ya duara, ya mawe yaliyopangwa ngazi kwa ngazi, kila moja likiwa na kipenyo cha takribani mita 24. Bwawa likijaa kupita kiasi maji humwagikia ndani ya mashimo hayo na kupita chini ya tuta hadi mtoni. Siku tuliyokwenda maji yalikuwa yakimwagika katika shimo moja tu, kwa utando mwembamba na mweupe, na sauti yake ilikuwa ya chini kama mtu anayesaga mahindi katika chumba cha pili. Akili inajua kwamba ni njia ya kupitishia maji ya ziada, lakini mwili haujui, na nilijikuta nimeshika ukuta kwa mikono miwili.

Mbele zaidi, chini ya daraja refu linalopitisha barabara ya Sheffield, ndipo kilipokuwa Ashopton. Kijiji cha Derwent kipo upande mwingine, na kwa miaka michache baada ya bonde kufurika mnara wa kanisa lake uliachwa ukichomoza juu ya maji, hadi ulipolipuliwa mwaka 1947. Katika ukame mkali, kama ule wa mwaka 2018, maji hupungua na kuta za nyumba ya kifahari ya kijiji huonekana tena, mawe meusi juu ya tope lililopasuka, na watu humiminika kwa mamia kutazama, wengine wakikwama kwenye tope hadi waokoaji wa milimani waitwe. Kilichookolewa mapema ni daraja la zamani la mawe la wasafirishaji waliotumia farasi, lililofumuliwa jiwe kwa jiwe, kila jiwe likapewa namba, na baadaye likajengwa upya juu kabisa ya bwawa la Howden. Mama mdogo aliuliza kama wenye nyumba nao walipewa namba. Aliuliza kwa mzaha, sijui kama alisubiri jibu.

Wapenzi wa historia ya vita huenda Derwent kwa sababu nyingine. Mnamo mwaka 1943 marubani wa kikosi cha 617 cha jeshi la anga la Uingereza walifanya mazoezi ya kuruka chini chini juu ya bwawa hilo, kwa kuwa ukuta wake wenye minara miwili ulifanana na ule wa mabwawa ya Ujerumani ambayo waliyashambulia usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei. Naipitia haraka kwa sababu wengine wameisimulia kwa shauku kuliko mimi.

Sasa swali la kuogelea, ambalo kila Mtanzania anayekuja kunitembelea majira ya joto huniuliza ndani ya dakika kumi: kwa nini hawaogelei? Utotoni sisi tulikatazwa kuingia ziwani kwa sababu ya kichocho na mamba, na tuliingia kila siku. Katika mabwawa ya hapa hakuna kichocho wala mamba, na hawaingii. Ipo sababu ya mwili na ipo sababu ya sheria.

Sababu ya mwili ni ya kweli na inaua. Maji ya bwawa lenye kina hubaki baridi hata jua likiwa kali, kwa kuwa joto hupasha tabaka la juu tu. Mtu akitumbukia ghafla katika maji yaliyo chini ya nyuzi joto 15 mwili hushtuka: pumzi huvutwa ndani kwa nguvu bila hiari, moyo hupiga mbio, na ikiwa uso umo majini wakati huo pumzi ile huvuta maji. Muogeleaji hodari huweza kufa katika dakika za mwanzo, kabla hata ya kuchoka. Ndiyo maana waokoaji hufundisha kwamba ukianguka usipigane na maji. Lala chali, acha masikio yazame, elea hadi pumzi irudi, ndipo uogelee au uombe msaada. Ongeza kwamba ndani ya bwawa kuna milango na mabomba ya kuvutia maji yasiyoonekana kutoka juu, na kwamba kingo nyingi ni za mawe yenye utelezi na mwinuko mkali. Mimi niliyejifunzia kuogelea kati ya mawe ya Mwanza nilizamisha mguu mmoja tu, Aprili ya mwaka wangu wa kwanza, na mfupa wa kifundo uliuma kama umepigwa nyundo. Ziko sehemu chache zilizotengwa kwa kuogelea, kwa nyakati maalumu na chini ya uangalizi, na hizo ndizo za kwenda.

Sababu ya sheria ni ndefu zaidi. Kwa muda mrefu nyanda za juu za nchi hii zilifungwa, nyingi kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege, na mamlaka za maji nazo ziliogopa kwamba watembeaji wangechafua mabonde yanayolisha mabwawa. Jumapili ya tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester na vitongoji vyake, wakiongozwa na kijana wa miaka 20 aitwaye Benny Rothman, waliondoka kijiji cha Hayfield, wakapita kando ya bwawa la Kinder na kupanda mlima wa Peak District hiyo hiyo bila ruhusa. Watano walifungwa jela. Lakini mwaka 1949 ilipitishwa sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 Peak District ikawa hifadhi ya kwanza. Sheria nyingine ya mwaka 2000 ilitoa haki ya kutembea kwa miguu popote katika milima na nyika zilizowekwa kwenye ramani. Haki hiyo, ukiisoma kwa makini, huishia ukingoni: haikujumuisha kuoga wala kutia chombo majini. Huko Scotland sheria ya mwaka 2003 iliruhusu na maji pia, kwa masharti ya uungwana. Katika England mtu hutembea hadi kwenye maji, kisha huyazunguka.

Hilo ndilo jibu ambalo ningempa mama mdogo siku ile ya kwanza kama ningelikuwa nalo tayari: wanazunguka kwa sababu kuzunguka ndiko walikopigania. Najua si jibu kamili. Wengi waliotupita Rutland walikuwa wakizungusha mbwa tu.

Maziwa ya asili ni habari nyingine, na hapa nitasema jambo litakalowaudhi marafiki zangu: mtu mwenye siku moja tu asiende Windermere. Ni ziwa refu kuliko yote katika England, kilomita zipatazo 17, na ni zuri. Lakini uzuri wake umekodishwa wote. Mshairi Wordsworth alipinga vikali mwaka 1844 wazo la kuleta reli karibu na Windermere, akihofia umati wa watu wa miji ya viwanda ambao kwa maoni yake wasingefaidi mandhari yale. Reli ikafika mwaka 1847, umati ukaja, na mimi ni sehemu yake, kwa hiyo simuungi mkono. Nalalamikia tu foleni ya aiskrimu. Wenyeji hupenda kuwakumbusha wageni kwamba katika eneo lote la Lake District, nchi ya maziwa na milima kaskazini magharibi ya England yalimo haya yote, ni Bassenthwaite peke yake ambalo jina lake rasmi lina neno la Kiingereza la ziwa. Mengine yote huitwa kwa maneno ya kale ya maji na dimbwi.

Ullswater ndilo ninalolirudia. Unashuka treni mjini Penrith, unapanda basi, na bonde linafunguka mbele yako, kilomita 12 za maji yaliyopinda mara mbili katikati ya milima. Hapo zipo meli za abiria zilizoanza safari mwaka 1859, na mojawapo, Lady of the Lake, ilizinduliwa mwaka 1877 na ingali inafanya kazi. Mpango wangu ulikuwa tupande meli kutoka Glenridding hadi Howtown, kisha turudi kwa miguu kandokando ya ziwa, matembezi ya kilomita kumi na kitu ambayo kwangu ni bora kuliko yote niliyoyafanya katika nchi hii.

Nilisahau jambo moja, nalo si dogo. Mama mdogo hajapanda chombo cha maji tangu tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama karibu kabisa na Mwanza na kuua mamia ya watu, akiwamo jirani yake wa sokoni. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka zaidi ukimya wa watu wazima. Pale gatini Glenridding alikaa kwenye benchi, akaniambia nimweleze habari za meli hii bila kuficha. Sikuficha. Nilimweleza kwamba ilizama ikiwa imefungwa gatini mwaka 1881, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1958, ikaungua mwaka 1965, na ikarudishwa majini mwaka 1979.

Alifikiri kwa muda. "Iliyozama mara mbili imeshamaliza zamu yake," akasema, na akanyanyuka. Alimuuliza baharia kwa ishara ya mikono yalipo majaketi ya kuokolea, akaonyeshwa sanduku, na akakaa juu ya benchi lililo kando ya sanduku hilo mpaka Howtown, mkono mmoja ukiwa umelishika. Kwa dakika zote hizo hakutazama milima hata kidogo. Alitazama maji, karibu na ubavu wa meli, jinsi yanavyofunguka na kujifunga.

Matembezi ya kurudi yalituchukua karibu saa tano kwa sababu alisimama kila palipokuwa na kijito. Mvua ya rasharasha ilianza, ikakoma, ikaanza. Tulikula chapati na mayai ya kuchemsha chini ya mti, na watu waliotupita walitusalimu mmoja baada ya mwingine, jambo ambalo Waingereza hao hao hawalifanyi kamwe wakiwa mjini. Kwenye gati moja tuliona kibao kinachowaagiza wenye mitumbwi na makasia wavikague, wavisafishe na kuvikausha kabla ya kuhamia maji mengine, ili wasibebe mimea na wadudu wageni; hofu hiyo iliongezeka tangu mwaka 2010, mdudu mlafi wa jamii ya kamba kutoka Ulaya Mashariki alipogunduliwa katika bwawa la Grafham. Hilo sikuhitaji kumfafanulia. Mtu aliyeshuhudia gugu maji likifunga mialo ya Mwanza alikubali kibao hicho kwa moyo wote, na nadhani ndicho pekee alichokikubali katika safari nzima.

Usiku huo, tukiwa chumbani Penrith, miguu imewekwa juu ya mito, aliwatumia wenzake wa Mwaloni ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Nilidhani angewasimulia meli, au makaburi ya Bamford, au lile shimo linalomeza maji. Aliyaruka yote. Kwa dakika nne alisimulia habari za mzee wa Rutland: suruali ya mpira, nzi wa manyoya, trauti mnene, picha, na samaki kurudishwa majini akiwa mzima. Majibu yalianza kuingia kabla hajamaliza kunywa chai. Kwanza kicheko, kisha kicheko kingine, kisha sauti ya mama mmoja aliyekuwa akiuliza kwa wasiwasi wa kweli kama mtu huyo alikuwa na akili timamu.

Mama mdogo alibonyeza kitufe cha kurekodi, akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Alikuwa na leseni," akajibu.